Pengo la Michongoma Mbele ya Dirisha Lako

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ipokee ukijua kwamba nimeitoa nikiwa nimepiga magoti kabisa, kwa kuwa katika nyumba hii siku hizi ni mimi peke yangu niliyebaki na magoti ya kupigwa. Ya Mama nitakueleza.

Habari za huko, na za macho? Umesema la kulia linaona kama mtu anayetazama kupitia kioo cha bafuni, na la kushoto limeanza kumfuata mwenzake. Jambo hilo limenikaa moyoni. Nikiosha vyombo nipo nalo, nikifagia nipo nalo. Dawa ya matone bado inawasha? Usingizi unapata? Na kile kikohozi cha mwaka jana, kimekwenda moja kwa moja au kimetoka matembezi tu? Naandika kwa herufi kubwa kama za bango la duka ili usisumbuke na ile lenzi yako, kwa hiyo ukiona bahasha imenona usidhani nina mengi ya maana.

Sisi ni wazima, ukimwondoa Mama, na yeye ukimuuliza atakwambia mgonjwa ni daktari. Mvua zilipoanza mwaka huu aliteleza kwenye ngazi za nyuma akaumia goti. Akaambiwa akae, mguu juu ya kiti, asiinuke bila sababu. Basi sababu ndizo hazimwishii. Mara sufuria imesahauliwa jikoni, mara pazia limekaa upande, mara anataka kuhakikisha kwamba geti nimelifunga, na hali amelisikia likifungwa kwa masikio yake.

Imebidi nichukue likizo nimwangalie. Kazi yangu unaijua, kusoma mita za maji nyumba hadi nyumba, kuzunguka mlima wote huu kutwa nzima na tochi ya kumulikia mashimo. Watu wananiita Bi Mita, na mbwa wote wa mtaani wananijua kwa mwendo. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umfungie ndani na mgonjwa asiyekubali kuwa mgonjwa. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda. Nyayo zinaniwasha. Lile jina ulilonipa nikiwa mtoto, Kiguu na Njia, bado linanienea vizuri.

Aliyefaidi kuumia kwa Mama ni ua wa michongoma wa mbele ya nyumba. Ua ule ni wake peke yake. Tangu nipate akili hajamruhusu mtu kuugusa, hata Baba, Mungu amrehemu. Na tuseme kweli, mkono wake wa kukata si mzuri. Kote umesimama sawasawa, lakini mbele ya dirisha la chumba hiki, ambacho mpaka leo tunakiita chumba cha Shangazi, pamebonyea kama pa jino lililong'oka. Tumemtania miaka yote. Muuza viatu wa nyumba ya chini alikuwa akimuuliza kama ana ng'ombe anayemsaidia kukata. Mama anaendelea na mkasi wake tu. Sasa kwa kuwa hakuweza kutoka, michongoma ilikunywa mvua ikashiba, na pengo likajaa majani.

Nakuja kwenye barua yako.

Ilifika Jumatatu. Niliisoma kwanza kimya, nimesimama mlangoni, halafu nikamsomea Mama kwa sauti. Nilipofika pale unaposema daktari wa macho amekushauri ukitazame mapema kila unachotaka kukitazama, Mama aliacha kuchambua maharage, mikono ikabaki ndani ya ungo. Nilipofika pale unapouliza kama mji wetu wa kale uko kama ulivyouacha, akaendelea kuchambua, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Nitayarudia maneno yako ili ujue nimekuelewa. Mwanao anataka uhamie kwake, ghorofani, na anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Wewe moyo wako uko hapa. Unataka kurudi kwenye nyumba ya baba yako, ukae dirishani uyatazame magofu na mto na kile kilima, mpaka macho yafunge yenyewe. Lakini kama vyote hivyo vimeharibika, unaona ni heri ubaki na picha uliyo nayo kichwani, uende zako ghorofani bila kinyongo. Ukamalizia kwa kusema nisikudanganye, kwa kuwa wewe si mtoto.

Mama alikuwa na jibu tayari. "Mwandikie kila kitu kimekufa," aliniambia. "Na nyumba inavuja."

"Nyumba haivuji, Mama."

"Itavuja."

Mnajuana wenyewe. Tangu utoto wangu nasikia kwamba nyinyi mawifi mliachana kwa ugomvi, na hakuna aliyenieleza ugomvi wa nini. Nilimuuliza Baba, akacheka akasema niwaulize wenyewe. Nilimuuliza Mama, akasema nikuulize wewe. Wewe sikuthubutu. Salamu zenu zikipita kwangu huwa nazichuja kwanza kama chai. Lile sweta ulilomtumia alisema rangi yake ni ya vikongwe, kisha akalivaa mpaka viwiko vikatoboka. Hukuja hata Baba alipofariki, kwa kuwa ulikuwa unamuuguza mumeo, na siku ile Mama alikutetea mbele ya watu wote waliotaka kusema neno. Jioni akaanza tena kukusema. Mimi nimeacha kutafuta mantiki.

Kwa hiyo sikumsikiliza. Lakini nilipokaa nikujibu nikagundua kitu cha aibu. Mimi ninayeishi hapa, ninayepita kando ya magofu kila siku ya kazi, sikuwa na la kukujibu. Napita nikitazama mashimo ya mita. Mto uko wapi sasa hivi, sikuwa na hakika. Nikamwomba binti wa muuza viatu akae na Mama, nikavaa viatu, nikashuka.

Nilianza na mto kwa sababu ndio uliouulizia kwanza. Shangazi, mto umehama. Haukukauka kama anavyopenda Mama, umehama. Wewe umeandika kwamba mlikuwa mkikaa kwenye ngazi za lango la chini na kuloweka miguu. Ngazi zile zipo, zimelika katikati vilevile, lakini siku hizi zinashuka kwenye mchanga. Maji yamekwenda ng'ambo ya pili ya bonde, yamekuwa membamba, na pale yalipokuwa pameota matete yanayonipita kimo. Upepo ukiyapitia yanasikika kama watu wanaonong'onezana kwenye foleni. Nilikaa kwenye ngazi ya mwisho nikanyoosha miguu juu ya mchanga, nikajaribu kusikitika kwa niaba yako. Nikashindwa. Matetini mmejaa ndege wadogo wa manjano wanaosuka viota, wanagombana kutwa kucha kuhusu majani, mmoja akisuka mwenzake anakuja kumwibia. Nilicheka peke yangu. Halafu nikaona nacheka na wewe unasubiri jibu, nikainuka.

Ukuta wa mashariki umenyolewa. Ile mikuyu iliyokuwa imeota juu yake, ambayo ulisema mlikuwa mkipanda na kula matunda yake mpaka tumbo liume, imekatwa yote. Wanaotunza magofu waliona mizizi inayasukuma mawe nje. Wameacha mkuyu mmoja tu, ule wa langoni, kwa sababu mizizi yake imelikumbatia lango lote na wanaogopa kwamba wakiutoa lango litaufuata. Sasa ukuta uko wazi toka mwanzo hadi mwisho, mweupe, na jua la asubuhi linaupiga mpaka unalazimika kufumba macho. Pimbi wanapanda kuota jua, wanajipanga pale juu wamenuna kama wazee wa kikao. Mimi naupenda hivyo. Wewe utaona pameporwa.

Mlinzi wa magofu alinikuta hapo. Huyu tunamwita Bwana Kivuli, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuhamisha kiti kulifuata jua linavyozunguka, awe kivulini kutwa nzima. Anasema mlisoma darasa moja na kwamba ulimshinda kupanda mnara wa magofu mbele ya wavulana wote, na hajasahau. Nilipomwambia kwamba huenda ukarudi, akainuka kwenye kiti, jambo ambalo sijapata kuliona. Kisha akatazama kilimani, akakaa tena. Akaniambia nisiondoke magofuni kwanza, kwa kuwa saa sita inakaribia na wanalipua.

Samahani, nimeinuka kufunga dirisha la jikoni. Upepo wa kiangazi hiki hauna adabu, tangu asubuhi unafungua unachofunga. Mama yuko sebuleni, anajifanya amesinzia ili asikilize kalamu yangu.

Haya, kilima. Nimekizunguka kurasa zote hizi kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua, na ndicho hasa unachokitaka. Unakikumbuka na nundu zake mbili, ndiyo maana sote tunakiita Ngamia. Umeniandikia kwamba ukifumba macho unaiona nundu ya mbele iliyo ndefu, kisha bonde dogo, kisha nundu ya nyuma iliyokaa chini kidogo, na mji wa kale umelala mbele yake. Shangazi, nundu ya nyuma haipo. Wamefungua machimbo ya kokoto upande ule. Walianza kuila kwa nyuma, taratibu, sisi hatukuona kitu, mpaka siku moja tukatazama tukaona anga mahali palipokuwa na mlima. Kilichobaki ni ukingo mwekundu uliochongeka kama mkate uliokatwa na mtu mwenye haraka.

Wakalipua. Mlio wenyewe si mkubwa, unausikia tumboni kabla ya masikioni. Mbayuwayu wote wa mnara wakatoka kwa pamoja, weusi, wakazunguka juu ya magofu bila mpango, na vumbi likainuka nyuma ya kilima likaanza kuja. Baada ya muda mbayuwayu wakarudi mnarani mwao mmoja mmoja. Wanatoka hivyo kila mchana na wanarudi hivyo. Nilipandwa na hasira ambayo sikujua nimtupie nani, maana kila nyumba mpya ya mtaa wetu imejengwa kwa kokoto zile. Hata zile ngazi za nyuma, alizotelezea Mama, ni Ngamia huyo huyo.

Nikarudi nyumbani nikakaa kuandika, nikashindwa. Niliandika kwamba kilima kipo, nikafuta, kwa kuwa ni kweli nusu. Niliandika kwamba hakipo, nikafuta, kwa kuwa nilikuona umeshika lenzi, unasoma neno hilo moja, halafu unafunga barua na kumpigia mwanao simu aje kukuhamisha. Niliandika mambo ya ndege tu. Nikaona huo nao ni uongo, wa kistaarabu. Nikazunguka nyumba. Nikapanga makabati ambayo hayakuhitaji kupangwa. Mama akaniuliza kama nina chawa.

Basi Alhamisi mchana, alipolala, nikatafuta kazi ya mikono ili nisiwaze. Nikautazama ua wa michongoma ulivyoota vibaya, nikaona dawa yangu ndiyo hiyo. Nikachukua ule mkasi wake mkubwa. Nikafunga kamba toka nguzo ya geti mpaka nguzo ya kona, nikaivuta ikanyooka, nikakata kila kilichozidi juu ya kamba. Miba ilinichana mikono yote lakini sikujali, nilikuwa na raha kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze. Machipukizi yaliyojaza lile pengo niliyaacha yafikie kamba kama wenzake, nikayasawazisha. Nilipomaliza, ua ulikuwa umenyooka kama meza. Muuza viatu alisimama barabarani akanipigia makofi, akasema afadhali ng'ombe amestaafu.

Nikamwita Mama aje aone.

Alikuja akiegemea mpini wa ufagio. Akasimama barazani, akautazama ua toka getini mpaka kona. Mimi nimesimama na mkasi nasubiri kusifiwa, kama mtoto aliyechora ukutani na hajui kwamba amekosa.

"Umeziba," alisema.

"Nimeziba nini?"

Alishuka ngazi za mbele, akaninyang'anya mkasi, akaenda moja kwa moja mbele ya dirisha hili na kuanza kukata. Alisimama kwa mguu mmoja, ule mbovu akiuning'iniza, ufagio umemdondoka. Nikamwambia goti, Mama. Akaniambia goti ni lake. Nilijaribu kumshika kiwiko, akanitazama kwa jicho ambalo unalijua.

"Nenda chumba cha mbele," alisema. "Kaa kwenye kitanda cha shangazi yako. Kaa kitako, usisimame. Uwe unaniambia unachokiona."

Nilikwenda kwa sababu niliona nikibishana naye ataanguka. Nikakaa hapa kitandani pako, palepale ulipokuwa ukikaa, maana kitanda hakijahamishwa.

"Unaona nini?"

"Majani, Mama."

Mkasi ukalia. Majani yakaanguka.

"Sasa?"

"Naona juu ya mnara."

Akakata tena, akashuka chini kidogo. Nikamwambia naona mnara wote, na mbayuwayu. Akakata kushoto. Nikamwambia naona lango, na mkuyu juu yake. Ukuta ulionyolewa sikuuona, kulikuwa na tawi nene mbele yake, na nilipomwambia kuna tawi limebaki akasema analijua. Chini ya lango niliona matete na utepe wa maji unaong'aa, na kwa mbali namna ile huwezi kujua kama maji yanapita ukutani au ng'ambo ya bonde.

"Ngamia je?"

"Nundu ya mbele naiona yote."

"Ya nyuma?"

Nikainama mbele ili nione.

"Usiinamie," alisema, na sikujua ameniona vipi. "Kaa kama mtu mzima aliyechoka."

Nikakaa hivyo. Shangazi, upande wa kulia wa pengo ua ulikuwa umepanda juu, na ulianzia palepale inapoishia nundu ya mbele, kwenye mteremko wa kile kibonde. Nikaona kilima kinashuka, kisha majani. Usingeweza kujua kama nyuma ya majani kuna nundu au hakuna. Ungeapa ipo.

Mkono wa Mama wa kukata ua si mbaya hata kidogo. Tulimcheka miaka yote, na yeye alikuwa akija kukaa kitandani pako, anatazama, anatoka anakata tawi moja, anarudi kukaa.

Nikamuuliza kupitia dirishani, yeye nje na mkasi, mimi ndani. Nikamwambia anieleze. Akasema, na nakuandikia alivyosema bila kuchuja:

"Huyo wifi yangu alisema nimemfungia mji wake. Aliondoka hapa na neno hilo, hakunipa nafasi ya kujibu. Ua niliupanda kwa ajili yako. Nilikuwa nikigeuka tu umetoroka, unaokotwa magofuni, unachungulia visima. Ningefanyaje, nikufunge kamba kama mbuzi? Ua ukakua. Ukafika dirishani kwake. Akasema nimeupanda kwa makusudi."

"Kwa nini hukumwandikia ukamweleza?"

"Nimwombe? Akija ataona mwenyewe kwamba mji wake haukufungwa."

"Na kilima?"

Alifuta mkasi kwa pindo la kanga yake. "Kilima walipoanza kukila, nikaacha upande ule ukue kidogo. Wakala tena, nikaacha tena."

Kumbe chanzo cha ugomvi wenu ni mimi na miguu yangu. Sikujua kama nicheke. Nilikaa hapo kitandani nikalia, na sikuinuka mpaka jua likaondoka ukutani mwa chumba. Sijapata kukaa mahali pamoja kiasi hicho tangu nizaliwe.

Sasa jibu langu, maana siku za mwezi zinakwenda na mwanao anasubiri. Umeniambia nisikudanganye. Mji wetu hauko kama ulivyouacha. Nundu imekwenda na haitarudi, mto umehama, mkuyu umebaki mmoja, na kila mchana mbayuwayu wanatoka mnarani kwa hofu. Ukitoka mlangoni utayaona yote, na nitakushika mkono twende nikuonyeshe na wale ndege wa manjano, kwa kuwa naamini utawapenda. Lakini ukikaa kitandani kwako utaona mji wako uliouacha, kwa sababu kuna mtu ambaye amekuwa akiulinda kwa mkasi. Hutadanganyika, kwa kuwa nimeshakwambia. Utakuwa unajua kilicho nyuma ya majani, na nani ameyaacha hapo, na kwa nini.

Mama amejua kwamba nakuandikia hili la pengo. Amenuna tangu jana. Anasema nimemharibia, kwamba ungekaa hapo miaka yako yote bila kujua, na hakuna ambaye angekufa. Nilimwambia uliomba ukweli. Akasema ukweli unao tele huko uliko, hukuhitaji kusafirishiwa. Nikaendelea kuandika.

Goti limevimba upya, kama unavyoweza kukisia. Daktari amemgombeza, naye amemgombeza daktari.

Nisalimie mwanao na mkewe, uwaambie hatuwaibii mama yao, tunamrudisha tu alikotoka. Wasalimie na wajukuu, hasa yule mwenye maswali mengi, mwambie aniandikie swali moja nimjibu. Msalimie jirani yako mshonaji anayekutilia dawa ya matone, Mungu amlipe. Bwana Kivuli amesema nikusalimie na kwamba mnara haupandwi siku hizi, imekatazwa, ili usije ukamwaibisha tena.

Mama anasema hana salamu. Alipoona natafuta bahasha ndipo akaniita, akanifanya nikae chini, akasema nikuandikie kwamba kama unakuja uje kabla mvua hazijaanza. Michongoma ikishapata maji inaota kwa haraka, na yeye kwa goti hili safari hii hataiweza peke yake.

Mungu akutunzie hilo la kushoto mpaka ufike.

Wako akupendaye, na ambaye kwa mara ya kwanza amekaa kitako,
Kiguu na Njia.